Njia ya Kale Mlangoni kwa Mwanne

"Geukeni! Kanyageni kwa visigino!" Mwanne alisema, na mstari wa majirani ukageuka tena katikati ya nyasi za Kwihara.

Shilinde alikuwa mbele, gunia la karanga kichwani. Nyuma yake Mabruki alijitwika kinu.

"Wapagazi wa zamani walishiba ugali," Mabruki alilalamika. "Sisi chai ya rangi tu, dada?"

"Si nimetia sukari?"

"Umeionyesha tu."

Tangu kijiji kihamishiwe kando ya barabara, hoteli ya chai ya Mwanne ilibaki porini peke yake. Bila wateja angeifunga, akapalilie shamba la ujamaa. Ndipo ikaja habari ya mama wa Kizungu, msanii, aliyekuwa akitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, upande ilikopita misafara. Kutembea kwenyewe, walisema, ndiyo sanaa yake. Kila alipoonyeshwa barabara aliikataa, akaingia porini.

"Anatafuta njia ya babu zetu," Mwanne aliamua.

Njia ya babu zao ilikwisha kulimwa mihogo. Basi wakawa wanakanyaga nyingine, ipite mlangoni kwake.

Mwenyekiti wa kijiji alisimamisha baiskeli. "Matembezi haya ni ya kuunga mkono nini?"

"Chai," Shilinde alijibu.

Kufika jioni njia ilikuwa nyembamba, nyekundu, na imepinda vizuri pale Mabruki alipojikwaa. Ungeapa ina miaka mia.

Akaja Selemani, mkalimani wa mgeni, kukagua pa kupita kesho mchana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njia ndiyo hii. Hata sisi tumezaliwa tumeikuta."

Selemani aliitazama kwa huruma. "Hakuna mahali penye nyasi?"

"Nyasi za nini?"

"Mgeni hakanyagi palipokanyagwa. Anapita kwenye nyasi zilizosimama, anaacha mstari wa nyayo zake, anaupiga picha. Ndiyo sanaa yake hiyo. Hapa atapakwepa."

Mwanne alimmiminia chai, akaijaza sukari hasa. Kisha akawageukia majirani, waliokuwa wameshatua mizigo.

"Jamani, kesho alfajiri mrudi. Njooni na majembe, tupande nyasi."