Mguu wa Kitwitwi

"Miguu ya kijani," Mwalimu alitamka, jicho kwenye darubini, kama alivyotamka kila msimu kwa miaka kumi na mmoja. Kwa neno lake, kibao cha langoni kiliandikwa: kwenye bwawa hili hutua ndege adimu kutoka ng'ambo, kitwitwi wa miguu ya kijani.

Mkewe, daftari mapajani, aliinua darubini yake ndogo. "Mwalimu, hebu tazama. Anaoga. Mguu mmoja umetakata, kumbe mwekundu!"

Vitwitwi wa miguu myekundu wamejaa kila dimbwi. Mwalimu alifuta lenzi, akatazama tena. Mmoja mwekundu, mwingine kijani. Tope? Miaka yote hiyo, tope?

Ndege akaukunja mguu mwekundu, akauficha ndani ya manyoya ya tumbo.

"Sasa niandike nini?"

"Kijani. Andika upesi, kabla hajaushusha."