Faili la Dada

Muuguzi alikuwa akitafuta tarehe tu alipofungua faili la dada yake kabatini mwa profesa aliyeongoza utafiti. Macho yakaganda kwenye majibu ya mwaka wa kwanza: virusi vya papiloma vimeonekana, vile viletavyo saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka wa pili, bado vipo. Mwaka wa tatu, seli zimeanza kubadilika.

Kila mwaka profesa alimwambia, "Dada yako mzima," naye akaipeleka habari hiyo nyumbani mbiombio.

Chini kabisa palikuwa na mwandiko wa profesa, kwa wino wa kijani: Afuatiliwe. Asitibiwe.

Profesa alimkuta amelishika faili. Hakushtuka.

"Tukiwatibu wote, tutajuaje ugonjwa unachukua muda gani?" alisema kwa upole. "Wewe ni mwenzetu, unaelewa."

"Mimi ndiye niliyemshika mkono nikamleta kwako."

"Na tunamshukuru sana."

Miaka tisa muuguzi alikuwa akimwita mwalimu. Sasa alimpita na faili mkononi, bila kumuaga.

Dada yake alikuwa kwenye benchi la nje, akisubiri kipimo cha mwaka wa nne. Muuguzi alipoketi kando yake, dada akamwekea mkono gotini.

"Mbona umekawia, mdogo wangu? Kiuno kinaniuma siku hizi, lakini si ulisema mimi mzima?"

Muuguzi alimfungulia faili mapajani.

Dada alisoma polepole, kidole kikifuata mstari kwa mstari. Alipofika mwisho, akauondoa mkono wake gotini pa mdogo wake.

"Na wewe," aliuliza, "ulijua tangu lini?"