Neno la Siri la Bi Kanga

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Haya, mimi nami niliapa, lakini ulimi unaniwasha, basi sikiliza.

Bi Kanga aliweka waifai nyumbani kwa ajili ya kifaranga chake mgonjwa, ili Daktari Korongo, aliyekuwa mbali, amtazame kwa simu. Neno la siri alimpa shoga yake Chiriku peke yake.

"Wallahi, shoga, nitazikwa nalo!" Chiriku akaapa.

Wiki haikuisha, mtaa mzima ukawa unatazama mpira kwa waifai ya Kanga. Siku kifaranga alipobanwa na kifua, picha ya Korongo iliganda kabla hajamaliza kutaja dawa. Mtoto akafia chini ya bawa la mamake.

Matangani, Chiriku alilia kuwashinda wafiwa. Kanga akabadilisha neno la siri, simu zote za mtaa zikakatika waifai, kisha akamnong'oneza Chiriku: "Hili jipya unalijua wewe tu."

"Moyo wangu sanduku, shoga. Likiingia halitoki."

Kanga akainama, akangoja. Punde simu ya Panya ikalia mkekani, imerudi kwenye waifai, ujumbe unaingia. Ikafuata ya Kima, kisha ya Nungunungu. Waombolezaji wote wakageuka.

Mdomo wa Chiriku ulikuwa bado umo sikioni mwa Bata.