Ugoko wa Bi Mataya

Kale ya kale, simba hajazaliwa bado, dinosaria mla nyama aitwaye Bi Mataya aliwafunza ndugu zake desturi moja: wakishamla mnyama, kila mmoja aondoke na mfupa akautupe mbali, ili jamaa wa marehemu wasijue aliliwa wapi wakapakwepa.

Kikaja kiangazi cha njaa. Mwanawe wa pekee akavunjika mguu, na ndugu wakamla, mama akiwa mtoni. Kisha wakatawanya mifupa, kama walivyofunzwa.

Bi Mataya alihangaika bonde zima. Akapata kipande cha taya, kidole na mfupa wa ugoko. Akavilaza chini pamoja, akamwita Kenge aliyekuwa akipita.

“Bwana Kenge, nitazamie. Ndiye huyu mwanangu?”

Kenge alitazama kimoja kimoja.

“Taya sijui,” akasema. “Lakini huo ugoko umeutoa kwangu. Nimekuwa nikiulilia siku zote hizi, nikidhani ni wa mke wangu mliyemla.”

Wakauweka ugoko katikati, wakaulilia wote wawili. Hata wataalamu walioufukua juzi, umeshageuka jiwe, hawajui ulikuwa wa nani.