Vialama Juu ya Jina

"Oda imekwama tena? Ya yule yule?" Shangazi aliuliza, mikono kiunoni.

"Ya yule yule," binti wa kaka yake alijibu, kiganja kimeziba simu. "Leo ni ile u. Ina vinukta viwili kichwani."

Shangazi alikuwa na duka la ala za muziki, na binti ndiye fundi wa tovuti yake. Tovuti ilitaka herufi kavu. Mteja akiandika jina lenye é au ç, oda inagoma. Basi binti akaagizwa aandike programu ya kuzivua herufi mapambo yake: é ibaki e, ç ibaki c. Wateja wengine wenye majina ya namna hiyo sasa walinunua wakaenda zao. Lakini mwalimu mmoja wa gitaa hakuishiwa kialama kipya, na kila akipiga simu wanaongea weee, mpaka chai ya binti inapoa.

"Jina gani linaota vialama kama upele?" Shangazi alifoka. "Mwanangu, undugu tuuweke pembeni. Kesho naleta fundi mwingine."

Binti akarudisha simu sikioni.

Mchana huo mwalimu akaja mwenyewe, shati limenyooka kwa pasi, jasho linamtiririka. Shangazi akamkimbilia na kiti.

"Tusamehe sana, baba. Huyu fundi namwondoa."

Mwalimu aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Usimwondoe, mama! Kosa ni langu. Jina langu halina hata nukta. Vialama naviweka mwenyewe, nipate sababu ya kupiga simu. Nyuzi nilizonunua hapa zinatosha bendi nzima, na gitaa ninalo moja tu."

Shangazi alicheka mpaka akaegemea kaunta. Kisha akaingia chumba cha nyuma alikokuwa binti na kufunga mlango.

"Umepona," alimnong'oneza binti. "Yule kijana mwongo! Jina lake halina kialama hata kimoja. Anakutafuta wewe."

Binti alitabasamu, ila hakushtuka.

"Shangazi, ile programu ilitengemaa siku ile ile uliyoniagiza. Inavua vialama vya dunia nzima."

"Sasa mbona oda zake zinakwama?"

Binti akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Nimeiambia imkwamie yeye peke yake."