Neno la Kuagana

Miaka hiyo kila neno liliandikishwa kuwa mali ya lugha moja tu, na mtu akilitamka katika lugha nyingine, kifaa cha sikioni kililinyamazisha. Mwanakheri, fundi cherehani wa Tanga, alikuwa ameshazoea. Lakini asubuhi binti yake Saumu alipokuwa anaondoka kwenda kufanya kazi ughaibuni miaka sita, alimshika mikono mlangoni akamwambia, "Safari njema, mwanangu."

Saumu alisikia "njema, mwanangu" tu.

"Neno hilo ni la Kiingereza," ilisema sauti ya nyumba kwa upole. "Maana yake ni matembezi ya kutazama wanyama porini. Tafadhali tumia jingine."

"La Kiingereza tangu lini?" Mwanakheri alifoka. "Waarabu walisema safar, sisi tukalifanya safari. Wapagazi wetu walilitamka njia nzima kwenda bara, na Wazungu waliofuatana nao wakalichukua wakaenda nalo kwao. Walilikuta kwetu!"

"Tafadhali tumia jingine."

Akachomoa kifaa sikioni mwa bintiye, kisha chake. "Safari njema, Saumu."

"Amina, mama," Saumu alijibu huku analia.

Jioni Mwanakheri aliiambia taa iwake, isiwake. Jiko nalo likakaa kimya. Bila kifaa sikioni, nyumba haikuitambua tena sauti yake. Akaenda kwa jirani yake, Bi Rukia, kuomba kibiriti.

"Saumu yuko wapi?" Bi Rukia aliuliza.

"Yuko safarini!" alijibu kwa sauti ya kufika mtaa wa pili.

Bi Rukia alimtazama midomo, kisha polepole akapeleka mkono sikioni, kwenye kifaa chake.