Mkono wa Mama Mkwe

Fanwell alimpiga mama mkwe wake kwa kasia, mchana kweupe, ufukweni Nchelenge, mbele ya wachuuzi wa samaki. Mkono ulivunjika. Waliousikia ukivunjika hawakuona haja ya kufanya siri.

Siku tatu Fanwell hakutoka nje. Hapo ziwani mkwe hamtazami mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini akageuza uso mpaka mwenzake apite. Fanwell alikuwa na miaka minne ya ndoa na Jessy, na hajawahi kumwambia mama mkwe huyo, Mama Dorica, hata neno moja. Neno lake la kwanza, watu walisema wakicheka, lilikuwa kasia.

Aibu ile ilimla. Lakini iliyomla zaidi ni nyingine, ambayo hakumwambia hata Jessy: kosa lilianza kwake.

Alikuwa fundi wa mashua, na mwaka ule kiwanja chao kililetewa keekee ya umeme. Ilitoboa mbao ngumu kabla hujamaliza kupiga chafya. Jenereta ilikuwa juu, kwenye kibanda cha barafu ya samaki, ikinguruma kutwa, na waya mrefu uliteremka kutoka huko mpaka kwenye mashua, ukilala juu ya mchanga na penginepo ndani ya maji. Zacharia, mtu wa Elisabethville aliyeitunza jenereta, aliwakaririsha masharti kama katekisimu. Usiishike na mkono uliolowa. Usisimame majini. Ukiiweka chini, chomoa waya kwanza. Na umeme ukimshika mtu, alisema, hukauka palepale na mkono wake hauachii; usimguse kwa mwili wako, mtenganishe kwa mti mkavu.

Siku ile Fanwell alimwona Mama Dorica akishuka na beseni la mihogo ya kuloweka. Akafanya afanyalo mkwe mwenye adabu: akaiweka keekee chini, akajificha nyuma ya mashua. Waya hakuuchomoa. Adabu ilitangulia, akili ikabaki nyuma.

Mama Dorica naye alikuwa na adabu yake. Mwanamke haruki chombo cha kazi cha mwanamume, uwe wavu, iwe kamba, asije akaiharibu riziki. Alipoukuta waya umekatiza njia yake, aliweka beseni, akaingia majini hadi vifundoni, akainama auinue apite chini yake. Aliushika mahali palipochubuka, palipofungwa kitambaa tu.

Fanwell alikuwa anachungulia. Alitaka kupiga kelele, lakini ulimi ulionyamaza miaka minne ulikataa. Akachomoka mafichoni. Mama Dorica aliinua macho, wakatazamana uso kwa uso, na palepale akakauka. Macho yalimtoka. Waya hakuuachia. Fanwell akanyakua kasia.

Siku ya nne aliitwa kwa Mpundu, kaka yake Mama Dorica. Jessy alikuwa amekwisha kufunga nguo zake, mzigo uko miguuni, kwa sababu mjomba alikuwa ametangaza tangu asubuhi kwamba hatamwacha mtoto wa dada yake kwa mtu anayempiga mama. Fanwell alieleza habari ya waya, na macho yakiwa chini akakiri pia kwamba yeye ndiye aliyeuacha bila kuuchomoa. Watu walitazamana. Kamba isiyo na moto, isiyo na moshi, imwue mtu mzima? Zacharia angeweza kuwaeleza, lakini jioni ya siku ile ya kasia alipanda mashua kwenda Kilwa, ng'ambo ya ziwa, kutengeneza injini, na hakuwa amerudi.

Mpundu aliuliza kama kuna mwingine mwenye neno. Fanwell alimtazama Jessy, naye Jessy alitazama mzigo.

Ndipo sauti ya Mama Dorica ikatoka chumba cha ndani, nyuma ya pazia.

"Ile kamba ilinishika," alisema. "Ilinitetemesha mpaka ku meno. Kama huyu mutoto alichelewa kidogo, leo mungekuwa munanizika."

Mpundu alivua kofia, akaenda kumshika Fanwell mkono. Waliokuwa wakicheka juu ya kasia sasa walitaka kujua ni mti gani. Jessy akaufungua mzigo wake mbele ya wote, nguo moja moja, na Fanwell akalia bila kujificha. Usiku ule alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu kisa kile.

Kesho yake Zacharia alirudi. Fanwell alimkimbilia ufukweni kabla hata mashua haijafungwa, akamsimulia yote, jinsi alivyokosa na jinsi lile somo la mti mkavu lilivyookoa roho ya mtu. Alimshukuru mara mbili. Zacharia alisikiliza akikuna shingo.

"Fanwell, miye ninajua desturi yenu," alisema polepole. "Kila nikiona ule mama anashuka, ninachomoa waya yako kule juu ku jenereta, kabla hata weye haujakimbia. Na siku ile nilichomoa. Haikukuwa na umeme hata kidogo."

Fanwell akageuka. Mama Dorica alikuwa anateremka na beseni lake, mkono mmoja umefungwa kifuani. Alipomwona aliingia majanini, akageuza uso kama ilivyo desturi, akamngoja apite.